Kadi ya Mgeni

Kisanduku cha kadi mpya kilifika Voi Jumatatu asubuhi, na nilipokiona mezani nilitamani kukirudisha kilikotoka. Kadi tisini na sita. Kila baada ya miezi mitatu kampuni ya Nairobi inatoa kadi nyingine za mchezo wa Nyika, na kila baada ya miezi mitatu watu wa kaunti hii wananigeukia mimi. Mama Wendy, ipi inafaa? Mama Wendy, hii tuiweke ama tuiache? Hakuna anayeniuliza kama nimelala.

Sikuiomba kazi hii. Miaka kumi na tisa nilikuwa kwenye shamba la mkonge, katika banda la kupanga nyuzi. Nyuzi zinaletwa mbele yako, unashika, unavuta, unatazama rangi na urefu, halafu unasema: daraja la kwanza, la pili, la tatu, taka. Mgongo uliponishinda niliacha kazi, lakini macho nilitoka nayo. Kwa hivyo mchezo ulipoingia Voi miaka sita iliyopita, na watu wakaanza kubishana kama kadi fulani ina nguvu ama ni picha tu, rafiki yangu Danson alisema, "Mpeni Dinah azipange." Nikazipanga. Tangu siku hiyo sijapumzika.

Kwa asiyeujua, Nyika ni mchezo wa watu wawili. Kila mmoja ana kitita cha kadi arobaini alichokipanga mwenyewe, na ana boma lenye nguzo ishirini. Kuna kadi za maji na kuna kadi za wanyama. Mnyama hatoki bure. Unamlipia maji, na mnyama mkubwa anakunywa mengi. Wanyama wako wanavunja nguzo za mwenzako, na anayebaki bila nguzo ameshindwa. Mengine yote ni ubishi.

Watu wengi hudhani kadi nzuri ni kadi ya mashindano. Sivyo. Kadi ya kuchezea nyumbani inaweza kuwa na mnyama wa kupendeza na maneno matamu, ukaifurahia mwaka mzima. Ya mashindano ina swali moja tu: ukikaa mbele ya mtu anayetaka kukushinda kwa dhati, itakusaidia kabla hujachelewa? Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta, kadi moja moja, michezo kumi kwa kila kadi yenye shaka, hadi macho yanauma.

Safari hii kulikuwa na haraka. Jumamosi yalikuwa mashindano ya kitaifa Nairobi, na bingwa wetu wa kaunti alikuwa Moureen, msichana wa Bomeni kule Taveta. Ana miaka ishirini na sita, amecheza Nyika miaka mitatu, ana diploma ya kompyuta iliyokaa kwenye bahasha miaka minne, na anauza ndizi sokoni pamoja na mama yake. Mwaka huu kampuni ilitangaza kwamba wachezaji wanane wa kwanza wataajiriwa mwaka mzima kujaribu kadi kabla hazijachapishwa. Ajira kamili, na barua. Moureen hakuzungumza jambo lingine tangu Mei. Orodha yake ya kadi arobaini ilitakiwa kufika Nairobi kabla ya Ijumaa saa sita mchana, na baada ya hapo hakuna kubadilisha hata moja.

"Mama Wendy, mimi nangoja neno lako," aliniambia kwa simu. "Ukisema iingie, inaingia."

Danson alishuka kutoka Mwanda, kule milimani, siku hiyo hiyo ya Jumatatu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, shule zilikuwa zimefungwa, na ndiye ambaye nimejaribu naye kadi miaka yote sita. Nilimwekea chai, nikampa kadi yake ya mgeni, tukaanza. Hiyo kadi ya mgeni ni desturi ya kwetu. Anayetoka mbali zaidi ndiye anayeanza kucheza, na huchukua kadi moja zaidi kabla ya mchezo, ili asianze na mikono mitupu. Ilianza siku moja ya mvua, wakati mchezaji mmoja, Bonface, alipotoka Taveta akafika amelowa chapachapa, Danson akamsukumia kadi na kumwambia karibu. Tangu hapo kila mgeni hupewa. Hatukuwahi kuijadili, kama vile usivyojadili kumwuliza mtu habari za nyumbani.

Danson alichukua wanyama wakubwa kama kawaida yake, mimi nikabaki na vijinyama vidogo. Anapenda wakubwa. Katika kisanduku hicho alimpenda mmoja hasa, Ndovu Mzee, anayekunywa maji saba na kuvunja nguzo nane kwa pigo moja. Danson anawapenda ndovu kwa sababu Mwanda hawafiki. Mtu wa Voi aliyewahi kuamka akakuta mahindi yake yamelala chini hawezi kuwapenda kiasi hicho.

"Maji saba ni mengi," nilimwambia. "Utakufa ukimngoja."

"Tuone," akasema.

Tukaona. Michezo kumi, akanishinda minane. Jumanne tukarudia, akanishinda minane tena. Nilikuwa na mashaka moyoni, lakini nilikuwa nimechoka, na matokeo ni matokeo. Niliandika: Ndovu Mzee, daraja la kwanza. Nikamtumia Moureen, naye akajibu ameweka ndovu watatu na ametoa vidogo vyote vilivyobaki.

Danson aliporudi kwao aliteleza kwenye kijia cha kuingia kwake akateguka mguu. Kadi kumi na moja zilikuwa hazijajaribiwa. Ningeweza kuziacha. Badala yake, Alhamisi asubuhi nilifunga vitita kwenye mfuko nikapanda Mwanda, mgongo ukinilaani kila kona baada ya Wundanyi.

Susan, mke wa Danson, alikuwa amepika kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, na Danson alikuwa ameuweka mguu juu ya kigoda. Tulikula kwanza. Kisha akatandika kadi mezani, akanisukumia moja.

"Leo wewe ndiye mgeni," akasema.

Akachukua Ndovu Mzee wake. Mimi nikachukua kitita cha vidogo: kicheche, nguchiro, mchwa, wale ambao kila mara huwa nawaandika taka. Nikamshinda. Nikamshinda tena. Mchezo wa tatu nilibomoa boma lake lote huku ndovu wake akiwa bado mkononi, anangoja maji. Kufikia mchezo wa nane nilikuwa nimeshinda saba, na nilikuwa nimekasirika.

"Danson, unacheza na akili ama na mguu?"

"Hizi dawa zinanilegeza," akasema.

Tukabadilishana vitita. Nikachukua Ndovu Mzee mimi, nikapewa kadi yangu ya mgeni, nikaanza. Ndovu akatoka mapema, akavunja kila kitu. Mara tatu mfululizo. Danson akajaribu vidogo vile vile vilivyomshinda muda mfupi uliopita, na havikumfaa kitu.

Niliweka kadi chini. Banda la mkonge lilinifundisha kwamba ukiona kila furushi limekuwa zuri, usisifu mkonge, kagua mwanga. Kama dirisha limefunguliwa vibaya, kila uzi unaonekana mweupe.

"Nani hushinda tukiwa kwangu?" nilimwuliza.

"Mimi."

"Na leo?"

Danson aliitazama ile kadi ya mgeni iliyokuwa mbele yangu. Yeye ni mtu wa hesabu, haikumchukua muda. Susan, aliyekuwa akitoa sahani, alisimama akatutazama, akadhani tumegombana.

Tulicheza michezo sita mingine bila kadi ya mgeni, tukirusha sarafu kuamua nani aanze. Ndovu Mzee alishindwa mitano. Si kadi ya mashindano. Ni picha nzuri ya ndovu.

Kama ingekuwa ndovu peke yake ningelala vizuri. Lakini miaka sita Danson amekuwa mgeni wangu na miaka sita amekuwa akichukua wanyama wakubwa, kwa hivyo kila kadi nzito niliyoiandika daraja la kwanza ilibebwa na ukarimu wetu, na kila kadi nyepesi niliyoiandika taka ilikuwa mkononi mwa mwenyeji. Nilizipanga zote kinyume. Na nilikumbuka jambo la pili. Mabingwa wetu wote wametoka Taveta. Bonface mara mbili, Morris mara moja, Dominic mara mbili, sasa Moureen. Sisi wa Voi tulikuwa tukisema watu wa mpakani wana akili nyepesi kwa sababu ya biashara. Walipofika Nairobi na kutolewa kabla ya chakula cha mchana, tulisema ni baridi ya kule. Hakuna aliyesema kwamba mashindano ya kaunti huchezwa Voi, na Taveta ndiko mbali kuliko kwingine kote.

"Mwambie kuhusu ndovu," Danson akasema polepole. "Hayo mengine yaache. Msichana ana mashindano kesho kutwa. Ukimwambia ubingwa wenyewe ulikuwa hivyo, ataenda na moyo gani?"

Nilitaka sana kumsikiliza. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kusema hii ndiyo na hii siyo. Nilimpigia Moureen nikiwa bado kibarazani kwa Danson, nikamwambia ndovu hafai.

"Kwani imekuwaje?" akauliza. "Juzi alikuwa daraja la kwanza."

"Nilikosea. Njoo Voi leo. Lete kadi zako zote."

Hakuuliza tena. Saa kumi na nusu alikuwa mlangoni kwangu, na mkungu wa ndizi kwenye gunia, maana mama yake hawezi kumwacha aje mikono mitupu. Nilipoyatazama yale macho yake yenye matumaini niliona aibu. Alikaa, akapanga kitita chake, akanyoosha mkono bila kutazama, kama afanyavyo siku zote, akingoja kadi ya mgeni.

Nilikuwa nimeishika tayari. Naweza kusema ukweli: nilikuwa karibu kumpa. Ningempa, angenishinda, angeenda Nairobi akicheka, na atakachokutana nacho huko kingekuwa kati yake na Nairobi. Niliirudisha juu ya kitita.

"Nairobi hawatoi hiyo," nikasema.

"Hawatoi nini?"

"Kadi ya mgeni. Haimo kwenye sheria za mchezo. Tuliianzisha sisi."

Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha akaurudisha mapajani. Nilimweleza yote, kuanzia kimanga cha Susan hadi mabingwa wa Taveta. Sikupamba. Aliposikia jina la Bonface alitikisa kichwa kana kwamba ameguswa na kitu cha baridi.

"Turushe sarafu," akasema.

Alishindwa michezo mitatu, akashinda mmoja, akashindwa miwili. Alicheza vile vile alivyozoea, polepole, akiwangoja wakubwa wake, na mimi mwenye mgongo mbovu na kitita cha taka nikambomolea boma karibu kila mara. Sikufurahi hata kidogo.

"Ndiyo maana watu wa Holili wananipiga nyumbani," akasema. "Wakivuka kuja kucheza kwetu, mimi huwapa kadi ya mgeni. Nilijifunza hapa. Mimi hufikiri, hawa Watanzania wako na nini?" Alicheka, na kicheko hicho sikukipenda. "Kwa hivyo Mama Wendy, mimi sijawahi kushinda Voi. Mlikuwa mnanikaribisha tu."

Ningeweza kusema una kipaji, wewe ni bingwa wa kweli, maneno ambayo mtu husema. Lakini watu wanakuja kwangu kwa sababu nasema ninachokiona, na hapo sikuwa nimeona kitu.

"Sijui kama umewahi kushinda," nikasema. "Hakuna anayejua. Hatujawahi kukupima."

Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia mfereji ukifunguliwa. Aliporudi uso ulikuwa umelowa na macho mekundu, nami nilijifanya nachagua ndizi.

"Orodha ni kesho saa sita," akasema. "Ziko wapi hizo taka?"

Ziko chini ya kitanda changu, kwenye debe la mafuta ya kupikia, miaka sita ya kadi nilizozihukumu. Moureen alilala kwangu, na Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi tulilimwaga debe lote mkekani. Kulikuwa na nguchiro anayekunywa maji mawili na kukupa kadi nyingine akifa. Nilikuwa nimeandika juu ya mfuko wake kwa kalamu nyekundu, HANA KAZI. Kulikuwa na mchwa wa maji mamoja, wanaovunja nguzo moja moja bila kuchoka. Moureen alikuwa akisoma kila moja kwa sauti, na kila mara aliniuliza, "Hii ni daraja gani?"

"Sijui," nikasema.

Mwanzoni neno hilo lilitoka kwa shida. Kufikia saa tatu nilikuwa nimelizoea. Tulijenga kitita, tukakivunja, tukakijenga tena. Tulirusha sarafu mpaka ikaviringika chini ya kabati na ikabidi tutafute nyingine. Michezo kumi na mmoja alicheza na kitita kipya, akashinda sita. Sita katika kumi na moja si daraja lolote. Zamani ningetaka michezo mingine kumi kabla ya kusema neno. Saa tano na dakika arobaini alituma orodha, akaweka simu chini ikiwa imepinduliwa, akala ndizi mbili mfululizo.

"Unaniombea?" akauliza akifunga mfuko.

"Nakuombea."

"Usiniombee nishinde. Omba tu nijue."

Alipanda treni ya alasiri. Sikumsindikiza, mgongo ulikuwa umekataa.

Jumamosi Danson aliteremka akichechemea na fimbo, kwa sababu alijua sitavumilia kukaa peke yangu nikingoja. Nilimwekea chai. Kisha nilileta kisanduku cha kwanza kabisa, cha mwaka ule wa mvua ya Bonface, nikakifungua. Alikitazama, akatazama vingine ishirini na vitatu vilivyopangwa ukutani.

"Zote, Mama Wendy?"

"Zote."

"Itatuchukua miaka."

"Kunywa chai," nikamwambia. "Mgeni sasa anapewa chai tu."

Akarusha sarafu. Mimi nikaanza. Tulicheza siku nzima bila kuzungumza sana, na kila simu ilipolia tulitazamana, ikawa ni mtu anauliza habari za kadi mpya. Niliwaambia wangoje. Mmoja aliniuliza wangoje mpaka lini, nikamkatia.

Moureen alipiga saa kumi na mbili jioni. Nyuma yake kulikuwa na kelele za viti vikikokotwa sakafuni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia na kumaliza.

"Nimekuwa wa kumi na tisa," akasema. "Tulikuwa arobaini na saba. Hao wanane wako mbali, Mama Wendy, hata sikuwakaribia. Ile kazi imeenda."

Nilikaa kitandani. Nilimwambia pole, na nilihisi pole hiyo mpaka kwenye mifupa, kwa sababu kama ningekagua mwanga mwaka wa kwanza, angekuwa na miaka mitatu ya kujifunza mchezo wa kweli badala ya asubuhi moja. Nilimwambia hilo pia. Hakukataa.

"Umecheza michezo mingapi?" nikauliza.

"Saba."

"Umeshinda mingapi?"

Viti viliendelea kukokotwa.

"Minne," akasema. "Hakuna aliyenipa kitu, Mama Wendy. Mmoja hata salamu hakunisalimia. Minne, na ile minne ni yangu."

"Ni yako," nikasema.

Danson aliniuliza kwa macho. Nilimwonyesha vidole vinne, naye akaweka kadi zake chini, akavitazama.